Gari Lililoniacha Kigombe

Nilikuwa nimeshika kichwa cha Bi Hasina, nikimimina maji ya mkunazi polepole nyuma ya sikio lake, niliposikia honi ya basi. Ililia kwa mbali, kama inayolia chini ya bahari. Upepo ukatikisa kanga walizotundika wanawake dirishani, mwanga wa adhuhuri ukapenya, na chumba kizima kikawa rangi ya waridi. Sikuinua uso. Bi Hasina sikuwahi kumjua. Saa mbili kabla, sikujua hata kwamba yupo mtu wa jina hilo.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mkoba mmoja. Baba yangu alikuwa Mmanga wa Chumbageni, mama yangu Mdigo, na wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki. Kule Maskati, kwa ami yangu, nilikaa miaka minne. Walinipa chumba kizuri, na kila walipokuja wageni wakanitambulisha: "Huyu Rawan, binti wa Afrika." Nikarudi Chumbageni kwa kaka yangu Hashil. Watoto wake wakaniita shangazi Mwarabu. Hakuna aliyenikosea. Ila kote huko nilikula huku nikisikiliza kama kijiko changu kinapiga kelele.

Nikaswali istikhara. Siku saba nilimwomba Mungu anioneshe pa kukaa, nikalala na udhu nikingoja ndoto: mlango, sauti, chochote. Sikuota kitu.

"Ukishaomba, nenda tu," Hashil akaniambia. "Kama si pako, atakuzuia."

Basi nikapanda gari la Pangani, kwa jamaa wa mbali wa mama ambaye hakuniahidi zaidi ya godoro. Tairi likapasuka Kigombe. Abiria wakatafuta kivuli, mimi nikatafuta maji ya kutawadha. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi ilikuwa na msiba, na aliyetoka alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamemvimba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Huyo ndiye Mwanasiti. Alinijazia kopo, akasimama akitazama maji yanavyoteleza mikononi mwangu. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu aliye usingizini: "Kuosha maiti unajua? Mwoshaji wetu kalazwa Muheza tangu jana. Mama yangu, Bi Hasina, yuko ndani, na sisi sote mikono inatutetemeka."

Mama yangu alikuwa mwoshaji. Tangu nina miaka kumi na tano nilimshikia kata ya maji. Wa mwisho niliyemwosha alikuwa yeye mwenyewe, na siku ile niliapa sitagusa tena maji hayo.

"Najua," nikasema.

Hofu niliyoitegemea haikuja. Mikono ilikwenda yenyewe, kuume kwanza, halafu kushoto, kama inayoongozwa na mikono mingine iliyo juu yake. Honi ikalia tena.

"Gari lako hilo," Mwanasiti akanong'ona.

"Nalisikia."

"Litakuacha."

Yalikuwa yamebaki maji ya mwisho, ya karafuu maiti. Nikamwomba ndoo. Alipoisogeza, mngurumo wa gari ulikuwa umeshafifia nyuma ya minazi, na mle ndani palisikika matone tu.

Wakamzika baada ya alasiri. Nikalala matanga siku tatu. Siku ya nne nilifunga mkoba, na Mwanasiti akaniambia maji yamekupwa, mwani wake umekaa siku zote hizo bila mtu, kama ningeweza kumsaidia kabla sijaondoka. Nikamsaidia. Kesho yake pia. Jamaa yangu wa Pangani alipiga simu mara mbili, kisha akaacha.

Ni mwaka wa sita sasa. Sijui saa ipi hasa nilijibiwa, wala sijawahi kuota mlango wowote.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka mjini, Kristofa, kuandikisha wakulima wa mwani. Alitukuta tumesimama majini mpaka magotini, suruali yake kaikunja, daftari kaliinua kifuani. Aliandika jina langu, akanitazama usoni kwa muda.

"Dada, wewe asili yako wapi hasa?"

Nikavuta pumzi, maana jibu lenyewe ni refu. Mwanasiti alikuwa ameibana kamba kwa meno, anafunga fundo. Akaitoa kinywani.

"Wa hapa," akamwambia. "Andika, maji yanajaa."