Sauti ya Mama Kwenye Diski Mbovu

Tangu mama yao apasuliwe koo na kubaki bila sauti, binti yake mkubwa, mshonaji, aliwaza rekodi za sauti yake tu. Kitinda mimba wao ndiye aliyezirekodi zamani, mama akisimulia na kugomba jikoni. Sasa diski aliyozihifadhia, huko mbali anakoishi, ilikuwa imeanza kugonga ndani kwa ndani, dalili kwamba inakufa.

Wakakubaliana azitume kwa programu ya kugawana mafaili, kompyuta kwa kompyuta. Lakini kioo cha kompyuta ya mshonaji kiling'ang'ania neno lilelile: "Inatafuta watumaji." Mama aliketi ubavuni pake, macho hayabanduki.

Mshonaji akampigia mdogo wake, akamsihi asizime mashine, maana huenda isiwake tena. Wakakagua. Mtandao upo kote kuwili. Kinga ya kompyuta imeiruhusu programu. Hola. Mwishowe mdogo mtu akakumbuka kwamba anatumia intaneti ya simu, na kwenye laini yake kompyuta ya nje hata ibishe hodi vipi haifunguliwi. Akaomba nenosiri la ruta ya mwenye nyumba, akaunganisha huko.

Mstari ukaanza kujaa. Mshonaji hakuthubutu hata kukohoa. Ukakaribia mwisho, ukasimama.

"Dada," sauti ikasema simuni, "diski imekata roho."

Mafaili yalikuwa yamekuja vipande vipande, bila mpangilio. Hakuna rekodi hata moja iliyokuwa nzima. Mshonaji alishindwa kumtazama mama. Mama ndiye aliyemgusa bega, akaonyesha chumba cha uani anakokaa shangazi.

Shangazi naye aliwahi kuanza kupakua rekodi hizohizo kwa programu hiyohiyo, kabla mdogo mtu hajahamia kwenye intaneti ya simu, akachoka, akaifungia kompyuta yake kabatini. Mshonaji alihofu kwamba vipande vyake vingekuwa vilevile walivyokwisha kuvipata.

"Tuwashe kwanza," shangazi akasema. "Matanga baadaye."

Wakawasha. Mtumaji mmoja akaonekana, na mstari ukasogea, taratibu, kwa kusitasita. Rekodi moja ilibaki na pengo. Nyingine zote zikatimia. Mshonaji akafungua ya kwanza.

"Zima hicho kidude chako, mboga zinaungua!"

Mama akacheka mabega yakitikisika, bila sauti yoyote, kisha akazungusha kidole: rudia.

"Subiri, mama," mshonaji akasema. Akazinakili kwanza kwenye diski nyingine, ndipo akarudia.