Kwelea wa Kalenda

Karwirwa alikuwa na picha mia mbili na arobaini za ndege, na katika zote hapakuwa na ndege hata mmoja mzima. Kulikuwa na mikia. Kulikuwa na matawi yaliyoachwa punde tu. Moja ilikuwa na bawa, lakini limefutikafutika kama chaki iliyopitiwa na kiwiko.

Kamati ya kalenda ya kanisa ingekutana mjini Kiritiri saa nane mchana huo. Ilitaka ndege anayeruka kwa ukurasa wa mbele, na atakayeleta picha bora angepewa kazi ya kalenda yote. Karwirwa alikuwa amechoka kuitwa "yule wa harusi". Mpinzani wake, Muchangi, mwenye studio sokoni, alishatangaza kwamba kupiga picha ya ndege si sawa na kuwaambia maharusi wasogeleane.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Karwirwa alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mtama wa mjomba wake Kithaka. Kithaka alifukuza kwelea kwa kombeo na kwa sauti iliyoweza kuvunja mkutano. Karwirwa alimwomba, kwa heshima zote, awaache watue. Mzee alikubali, lakini kila kwelea alipotua mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye kombeo, ikabidi aukalie.

Karwirwa alipandisha kasi ya shata ya kamera, akalenga suke moja lenye ndege, akangoja. Ndege akaruka. Kidole kikafika baadaye, kama mgeni anayekuta masufuria yanaoshwa.

"Unatazama wapi?" mjomba akauliza.

"Mabawa."

"Mabawa hayakuambii kitu. Tazama matako. Kwelea haruki na mzigo. Akishaangusha, hesabu moja, hayupo."

Karwirwa alimkagua aone kama anamtania. Mzee mwenye miaka thelathini juu ya dungu hakuwa akitania. Basi akaelekeza lenzi kwenye makalio ya ndege, akatulia kama yuko ibadani. Tone likatoka. Akabonyeza.

Saa nane picha mbili zililazwa mbele ya Beth, mwenyekiti. Kwelea wa Muchangi alikuwa mrembo, buluu tupu nyuma yake. Wa Karwirwa alikuwa amefungua mabawa, kila unyoya unahesabika, punje ya mtama mdomoni, na chini yake, hewani, tone jeupe lisilo na haya. Karwirwa alikuwa amekusudia kulifuta, lakini stima ilipotea mara tu nakala ya kwanza ilipochapwa.

Muchangi akakohoa. Akauliza kwa upole mwingi kama hilo ni jambo la kutundikwa sebuleni kwa waumini.

Beth, ambaye naye alilima mtama, alivuta picha ya Muchangi, akagonga miguu ya ndege kwa kalamu.

"Huyu wako ameshika nini?"

Muchangi akatazama. Vidole vilikuwa vimekaza tawi ambalo yeye mwenyewe alilifuta kwenye picha jana yake.

"Huyu ameketi," Beth akasema. "Ameketi hewani. Wa Karwirwa ndiye anayeruka. Mtu yeyote wa shamba anaona ameshamaliza matayarisho."

Kamati ikacheka mpaka chai ikamwagika. Karwirwa akapewa miezi yote kumi na miwili, na tone likaamriwa libaki.

Aliyekataa kuitundika kalenda hiyo ni Kithaka peke yake. Aliisogeza karibu na macho, akaonyesha mdomo wa ndege.

"Huo ni mtama wangu," akasema. "Mwaka mzima nimtazame mwizi wangu ukutani, tena akila?"