Elfu Nane na Hamsini na Moja

Mwalimu aligawanya kwa themanini na tatu, akapata tisini na saba, hapakubaki kitu. Akarudia. Hapakubaki kitu tena. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akarudia mara ya tatu, maana mtu akishtuka husingizia hata miwani.

Swali lilikuwa lake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiliweka kwenye mtihani wa kuchagua wa kwenda sekondari: 8,051 ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na yenyewe? Jibu lake: ndiyo. Siku alipolitunga alijaribu mbili, tatu, tano, akapanda hadi sabini na tisa, kichwa kikamgonga, akasema basi, yatosha. Jamani! Zilibaki namba mbili tu za kujaribu, themanini na tatu na themanini na tisa.

Wanafunzi wote walijibu tasa, wakapata. Isipokuwa binti mmoja, mwaka ule wa kwanza, aliyeandika: 90 mara 90, toa 7 mara 7. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa. "Nimeuliza kugawanya, wewe waniletea miraba? Umeota?" Darasa likaangua kicheko. Kumbe tisini toa saba ni themanini na tatu, na tisini ukijumlisha saba ni tisini na saba. Binti alikosa nafasi kwa alama ile moja, akaishia kwenye cherehani.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mkewe alimwambia. "Mwezi ujao unastaafu. Nani anakumbuka?"

"Mimi."

"Basi nenda, mzee. Lakini usiende kutafuta usingizi wako kwa mwenzio."

Alimkuta binti yule, sasa mshonaji, amezungukwa na mashati yasiyo na vifungo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Hotuba yote aliyoipanga njiani ikamtoka kichwani. "Ile elfu nane na hamsini na moja. Inagawanyika. Ulipatia."

Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mama alinichapa kwa swali lile," alisema. "Eti najitia ujuaji. Amekufa anajua hivyo."

"Nisamehe. Nilichoka, nikaacha njiani."

"Hata mimi nachoka, mwalimu. Lakini shati la mtu siliachi na mkono mmoja."

Mwalimu aliona haya, akakosa hata pa kuweka mikono. Mshonaji akasukuma mashati kando, akatandaza karatasi ya kukatia vipimo, akampa chaki yake.

"Haya. Anza na mbili. Nataka nione ulipoishia."

Hakubisha. Mbili, ikabaki moja. Tatu, zikabaki mbili. Akaenda hivyo hivyo, mgongo ukimuuma. Wateja wawili walikuja, wakaambiwa warudi kesho. Alipofika sabini na tisa, zikabaki sabini na mbili, akajinyoosha.

"Ni hapa," alisema.

Mshonaji alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa, kisha akaishika karatasi kwa mikono miwili isisogee.

"Endelea."