Raba Sita za Pikapu ya Mutie

Saa tatu asubuhi ilimkuta fundi Kiema ameshakata bolti zote sita. Mukai alikuwa amevuka barabara kununua chai tu, dakika kumi hazikuisha, na aliporudi alikuta kebini ya pikapu yake imeinuliwa juu ya jeki mbili na vipande vya mbao. Vichwa vya bolti vilikuwa chini, kwenye mchanga mweusi wa oili, bado vina joto la grenda.

"Kiema, nilikwambia nini?"

"Mama Ngui, usijali."

"Nilikwambia fungua upande mmoja, weka raba, ndio uende ule mwingine."

"Hii kutu ungeiona! Ingekuwa kuhangaika mara mbili. Sasa kazi ngumu imeisha."

Mukai alijua si kutu. Hakuna fundi katika safu ile ya gereji za kando ya barabara mtaani Umoja asiyeujua ujanja huo: mteja akifika, mfungulie gari kwanza, hata kama spea huna, hata kama una magari mengine manne yanakungoja. Gari lililofunguliwa haliendi kwa fundi mwingine. Lakini Kiema alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, Mutie, na siku ya mazishi ndiye aliyelishika jeneza upande wa kichwa. Mtu kama huyo utamfokea mpaka wapi?

Kisa cha yote kilikuwa raba za bodi, zile zinazokaa kati ya kebini na chasi ili chuma kisigonge chuma. Zilikuwa zimesagika kama biskuti. Kila tuta kebini iliruka ikagonga, na mkaguzi wa magari alikuwa ameitikisa kwa mkono mmoja, akatikisa na kichwa chake, akampa Mukai mpaka Ijumaa. Leo ilikuwa Alhamisi. Raba za dukani za gari la umri ule hazikuwa zinaletwa tena. Mafundi walizichonga kutoka tairi la lori, kwa mtengeneza viatu vya akala aliyekaa karibu na soko, na zilishika vizuri tu.

"Naenda kuzichukua," Kiema alisema akipangusa mikono. "Dakika ishirini, mama. Hata chai haitapoa."

Chai ilipoa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mukai alikaa juu ya tairi kuukuu akiitazama kebini inayoning'inia. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hivi kwamba aliona ardhi kupitia matundu yake. Simu ikalia. Alikuwa Qamar, mwenye duka la jumla, ambaye mizigo yake ya unga na sukari kutoka maghala ya Industrial Area ndiyo iliyokuwa ikimlisha Mukai na mwanawe Ngui tangu Mutie afariki.

"Dada, Jumatatu iko ama haiko?"

"Iko."

"Wallahi niambie ukweli. Kuna mtu na lori lake la kenta ananisumbua kila siku nimpe mzigo."

"Iko, Qamar. Wananimalizia sasa hivi."

Alipokata simu aliona aibu, maana hapakuwa na mtu wa kummalizia. Alimpigia Kiema. Kumbe yuko mtaa wa Fedha, amelala chini ya gari la mteja mwingine. Na gari lile nalo bila shaka lilikuwa limeshafunguliwa.

Saa sita kasoro ndipo lilipofika lori la watu wa mamlaka ya barabara wenye makoti ya kung'aa, na nyuma yake breakdown, gari la kuvuta magari, yenye winchi. Vibanda vyote vya safu ile vilikuwa na alama za X nyekundu za kubomolewa ukutani. Zilichorwa miaka miwili iliyopita, na watu walikuwa wamezizoea kama wanavyozoea matangazo ya sabuni. Leo alama hizo zilikuwa na wenyewe. Kijana mmoja mwenye ubao wa fomu mkononi alipita akisema bila kelele, karibu kwa adabu, "Nusu saa. Chenye magurudumu kiondoke."

Mafundi walikimbia. Magari yakasukumwa, mengine yakawashwa hayana boneti, mengine yakaondoka yakiburuta waya. Kabla robo saa haijaisha safu nzima ilibaki tupu, isipokuwa pikapu ya Mukai.

"Kijana wangu, hii haiwezi kusonga," alimwambia. "Bolti zimekatwa. Nipe saa moja fundi afike."

"Mathe, mimi nimetumwa tu. Hapa ni ardhi ya barabara."

"Ukiivuta hivi itavunjika!"

"Si mimi nimeifungua."

Na kweli, si yeye. Kiema alitokea mbio, shati limemganda mgongoni, raba sita kwenye mfuko wa karatasi. Alijitupa chini, akasukuma raba ya kwanza mahali pake, akasukuma ya pili. Mukai alipiga magoti kwenye oili na gauni lake, akamshikia mbao. Raba zilikuwa nzuri, nene, zimechongwa kwa mkono uliotulia. Waliingiza tatu. Bolti mpya hawakuwa nazo.

"Tokeni chini," kijana alisema. "Muda umeisha. Tokeni, msije mkaumia."

Ndoano ikashika chasi, winchi ikavuta. Chasi ikatii, ikaenda mbele. Kebini haikwenda. Ilisimama juu ya jeki kwa kitambo kidogo, kisha ikapinduka nyuma. Usukani ukang'oka na waya zake, vioo vikamwagika, na sakafu ikakunjika kama karatasi iliyolowa. Kiema alishika kichwa kwa mikono miwili. Mukai hakulia. Alisimama tu akitazama, kama siku ile daktari alipotoka wodini akamwita kwa jina lake kamili.

Kijana akaja na fomu. "Hii gari ni yako?"

"Nikisema ni yangu?"

"Unalipia breakdown, unalipia kila siku italala yadi, na kuna kesi ya kuegesha hapa. Ukimaliza yote unapewa." Akaitazama kebini. "Unapewa hivyo ilivyo."

"Na nikisema si yangu?"

"Basi hiyo ni chuma chakavu."

Mutie aliinunua kwa malipo yake ya kuachishwa kazi kiwandani. Kila Jumapili kabla ya ibada aliiosha mpaka majirani wakamtania kwamba anaipenda kuliko mke. Ngui aliletwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya kebini ile, siku mbili tangu azaliwe, babake akiendesha polepole mno mpaka magari ya nyuma yakapiga honi.

"Si yangu," Mukai alisema.

Kiema akashtuka. "Lakini afisa, huyu mama ndiye—"

"Kiema. Nimesema si yangu."

Kijana aliandika akijitamkia maneno, "Mwenyewe hajulikani." Kisha akatoa simu, akarudi nyuma hatua mbili, akailenga pikapu.

"Mathe, sogea kidogo. Unaingia kwa picha."

Mukai akasogea.