Dumu la Baba na Gesi ya Gratien

Tangu Krismasi Baba alikuwa akipiga magoti kando ya kitanda kila alfajiri, na Mama akawatangazia majirani wote wa Majengo kwamba hatimaye mumewe amejifunza kusali. Mvua za El Nino ndizo zilizomuumbua. Zilipokata reli ya kutoka Kaliua na dizeli ikaadimika Mpanda nzima, nilimfumania: uvunguni alikuwa ameficha dumu la lita ishirini la dizeli, na kila asubuhi alilitikisa kuhakikisha halijapungua.

Baba, Mzee Lyamba, alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mlina asali aliyegeuka dereva. Lori lake, Bedford, lilikuwa limesimama uani wiki ya tatu, kuku wanalala chini yake. Dumu lile hakuruhusu liguswe. Alisema ni la shida, na shida yenyewe atakuja kuitambua ikifika.

Mimi shida yangu ilikuwa na jina: Gratien. Alifundisha ufundi magari kwenye karakana ya misheni, na nilimpenda kiasi cha kujionea aibu. Alizaliwa Burundi, akaingia Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia makazi ya wakimbizi ya Katumba. Enzi hizo mtu wa Katumba hakutoka bila kibali. Karatasi za uraia zilikuja miaka mingi baadaye, wakati tuna watoto wanaovaa viatu vya baba yao. Lakini mwaka ule wa tisini na nane Baba aliona jambo moja tu.

"Siku kwao kukitulia ataondoka," alimwambia Mama. "Na Dorotea wangu atamfuata. Nitamtafutia wapi mimi?"

Hakuwa na chuki, maskini. Alikuwa anaogopa.

Walikuja kuposa Jumamosi moja ya Machi, kwa baiskeli, matope hadi magotini: Gratien, mama yake Athanasie, kaka zake watatu, na mjomba wake Sixte, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Kibali chao kilikuwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Baba aliwakalisha mkekani barazani; mimi nilikaa nyuma ya pazia la mlango na Mama, sikio nje.

Kwa desturi, mposaji hafungui mdomo. Neno hutoka kwa baba, likapita kwa mshenga, likajibiwa kwa njia hiyohiyo, hata kama wote wamekaa mkeka mmoja. Baba aliwaita "wageni" kila alipofungua kinywa, na kila aliposema hivyo moyo wangu ulishuka ngazi moja.

"Wageni, nasikia kijana ni fundi," alisema. "Muulizeni. Mvua ikinyesha kidogo tu, magari yanalala. Gari la wajukuu zangu litakula nini?"

Mzee Sixte akamgeukia Gratien, aliyekaa hatua moja kutoka kwa Baba, akamuuliza. Gratien akamnong'oneza.

"Anasema litakula haidrojeni."

"Ndiyo kitu gani?"

Wakanong'onezana tena, safari hii kwa muda mrefu. "Anasema ni hewa. Imo ndani ya maji. Unaitoa kwa umeme, unaichoma, halafu inarudi kuwa maji." Mzee Sixte akajifuta jasho. "Mzee mwenzangu, nimebeba mahari za watu, nimebeba matusi ya watu, lakini huu mzigo umenishinda. Mruhusu aseme mwenyewe."

Baba akacheka, jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Haya. Aseme."

Gratien hakusema. Aliomba betri ya Bedford, nyaya mbili, beseni la maji, chupa tupu ya soda na magadi. Nilitoka na magadi kabla sijaitwa. Mama alinivuta gauni, lakini nilikuwa nimeshafika uani.

Alikoroga magadi kwenye maji, akaizamisha chupa ikajaa, akaiinamisha mdomo ukiwa majini, juu ya waya mmoja. Mapovu madogo yakaanza kupanda na kuyasukuma maji yatoke. Wazee wawili wakainama pamoja kutazama, vichwa karibu vigongane. Tulisubiri hata chai ikapoa. Kisha Gratien akaitoa chupa, bado imeinama, akawasha kiberiti kwenye mdomo wa chupa.

Pwa!

Kuku wakatoka chini ya Bedford, Mama Athanasie akamtaja Bikira Maria kwa Kirundi, na Baba akajikuta amemshika Mzee Sixte mkono. Gratien alinyoosha chupa. Ndani yake kulikuwa na ukungu wa maji. "Moshi wake ndio huo, baba," alisema.

"Nzuri," Baba alisema, akiuachia mkono wa mwenzake polepole. "Sasa nifungie ya kunifikisha Inyonga."

Gratien akakuna kichwa. Wangu huyu hajui kudanganya, na nusura niombe ardhi inimeze. "Hiyo ngumu, baba. Ni nyepesi mno, inataka nafasi kubwa. Ukiishindilia, unahitaji mtungi mzito wa chuma, na ikipata upenyo inatoroka."

Baba aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na dumu lake. Akalitua katikati ya mkeka.

"Hili limekaa tangu Krismasi. Porini nimejifunza, nyuki huwezi kuwabeba kwenye dumu. Asali ndiyo inabebeka." Akamtazama Gratien usoni, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Gesi yako haikai. Na wewe je, utakaa?"

Nilikuwa nimerudi nyuma ya pazia; nikashika mkono wa Mama. Swali ndilo hilo, miezi yote lilikuwa hilo.

"Baba," Gratien alisema, "kuna mafuta yanayotengenezwa na watu, si ya kuchimbwa. Afrika Kusini wanayatoa kwenye makaa ya mawe. Yanakaa kwenye dumu kama hili, yanaingia injini kama hiyo. Kuyatengeneza kunakula nguvu nyingi, ni njia ya kuzunguka, lakini yanabebeka. Na ukitaka kuyatengeneza, lazima uwe na haidrojeni hiyohiyo. Unaifungamanisha na kaboni, ile iliyomo kwenye makaa, inatulia, haitoroki tena." Akaweka kiganja juu ya dumu. "Bila nyuki hakuna asali. Mimi nililetwa huku mgongoni, sikuchagua. Dorotea nimemchagua. Nitakaa."

 Baba alitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. Saa kumi na moja kasoro robo, na upande wa Katumba mbingu ilikuwa nyeusi.

"Kwa baiskeli hamfiki," alisema.

Akalinyanyua dumu, akafungua kizibo, akamimina dizeli yote ndani ya tangi la Bedford bila kubakiza tone. Mama aliona hivyo akaketi chini.

Betri ikarudishwa, baiskeli zikapakiwa nyuma. Baba akapanda, akazungusha ufunguo. Kimya. Betri ilikuwa imechoka kwa wiki tatu za kukaa, na kilichobaki Gratien alikuwa amekimalizia kwenye beseni.

"Fundi!" Baba alifoka dirishani. "Umekula umeme wangu wote kwa kishindo kimoja!"

Tukaenda nyuma ya gari sote kulisukuma. Mama Athanasie alikaza kitenge, akaweka bega karibu na la Mama. Mimi nilikuwa kati ya Gratien na kaka zake, tope limetufika machoni, tunacheka mpaka nguvu zinatuishia. Bedford lilijongea hatua mbili, likagoma.

"Sukumeni!" Baba alipiga kelele. "Nyie wakwe, mmekula nini leo? Sukumeni, wakwe!"

Injini ikakohoa, ikanguruma. Mzee Sixte akabaki amesimama katikati ya tope, mikono bado imenyooka mbele, gari limeshamwacha.

"Sema tena, mzee!" aliita.

 Baba alipiga honi mpaka Mzee Sixte naye akadandia, na aliendelea kuipiga njia nzima hadi Katumba.