Wembe wa Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya uji wafungwa walipanga foleni uani, mrefu mbele, mfupi nyuma, kama Mkuu wa gereza alivyopenda. Kinyozi, mfungwa mwenzao, alikuwa na ndoo ya maji, kipande cha sabuni ya kufulia na wembe mpya mmoja wa wiki nzima. Akimaliza kichwa, aliupangusa kwenye suruali na kuita, "Haya, mwingine!"

Alama zilikuwa zikihama. Mpishi alikuwa na chunjua shavuni. Aliyenyolewa baada yake akaamka nayo, shavu lile lile. Haikumtoka mpishi, iliota tu kwa mwenzake, kisha kwa aliyefuata. Watu walizoea. Wale wafupi wa nyuma, waliokusanya makovu ya foleni nzima, walitaniwa kuwa hata mama zao watawapita njiani. Askari wakaanza kuwatambua kwa sauti, kazi ikaendelea.

Nesi wa gereza ndiye aliyekosa raha.

"Mkuu, kama chunjua inahama, na kisichoonekana kinahama pia. Kila mtu apewe wembe wake. Na zile kondomu nilizoomba."

"Nyembe zipo stoo, zinasubiri wageni wa ukaguzi. Hizo nyingine za nini? Humu ni wanaume watupu."

Fundi Bomba ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Wembe ulianzia kwake, kwa hiyo uso wake ulibaki wake. Ijumaa hiyo alikuwa anamaliza kifungo. Mkewe alikwisha fika getini, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka na nywele.

Lakini wiki hiyo alihamishiwa hapo mfungwa aliyeitwa Mwalimu, aliyempita Fundi Bomba kwa nusu kichwa. Alikuwa na baka jekundu nyuma ya sikio na virusi mwilini, na hakuficha. Dawa zake zilibaki gereza alikotoka.

"Afande, niweke wa mwisho," alimwambia askari wa foleni. "Huyu ndugu anarudi kwa mkewe."

"Kwani umekuwa mfupi?"

"Hapana, afande."

"Basi kaa hapo hapo."

Fundi Bomba alisogea nyuma ya Mwalimu, maana aliyebisha siku ya kutoka hakutoka. Wembe ulimkata Mwalimu nyuma ya sikio, palipo na baka. Kinyozi akauosha, akauosha tena, akautazama juani.

"Nisamehe, ndugu yangu," akamwambia Fundi Bomba.

"Nyoa tu. Shemeji yako yuko juani."

Fundi Bomba naye akakatwa, hapo hapo nyuma ya sikio. Baka lilitokea kabla hajafika getini. Nesi alimfuata mbio.

"Usiende nyumbani kwanza. Nenda hospitali, leo leo. Kuna dawa za kuzuia, ukiwahi. Mimi hapa sijapewa."

"Nesi," askari wa geti alisema, "huyu ameshaachiwa. Si wako tena."

Fundi Bomba aliogopa kuliko siku aliyohukumiwa. Mkewe alikuja akicheka, akamkumbatia, akaliona lile baka. Akalowesha kidole kwa mate, akalisugua kama anavyosugua uso wa mtoto.

"Umechafuka nini hapa?"

"Twende hospitali, mama."

"Hospitali? Watu wamejaa nyumbani wanakungoja wewe!"

Akalowesha kidole tena. Baka halikutoka. Nyuma ya ukuta Kinyozi aliupangusa wembe kwenye suruali.

"Haya, mwingine!"