Bamba la Chuma na Ukuta wa Jipsamu

Shemeji yangu Odell ni mtu wa kupima kila kitu, ila hupima kile tu kitakachompa jibu analolitaka.

Jirani zake walipovunjiwa nyumba, hapa kwetu milimani Virginia Magharibi, aliamua kulala na bastola kando ya kitanda. Dada yangu Verna akakataa katakata. Nyumba yao ni ile inayoletwa ikivutwa na lori, kuta zake mbao laini za jipsamu tupu, na nyuma ya ukuta wa chumba chao alikuwa akilala Kaylin, binti yao wa pekee. Risasi ikimkosa mwizi, alisema Verna, itampata mtoto.

Odell akaja na jawabu: risasi za unga wa shaba ulioshindiliwa, zinazosagika zikigonga kitu kigumu. Jumapili baada ya kanisa alituita kwenye uwanja wa shabaha, wenzake wakichoma nyama ya paa, akapiga bamba la chuma. Kweli, risasi ikawa vumbi. Wanaume wakapiga makofi.

"Kwani ukuta wako ni wa chuma?" nikamuuliza.

"Shemeji, wewe endelea na saladi yako ya viazi," akanijibu, wakacheka wote. Ilinikera, na mpaka leo inanikera. Verna alitamani sana kuamini, akaamini.

Zamani Odell alikuwa akifanyia nje mazoezi ya kufyatua bastola tupu, ameelekea mlimani, kama baba yake alivyomfundisha. Sasa akaanza kuyafanyia chumbani, akilenga swichi ya taa. Hata ikitokea bahati mbaya, alituambia, risasi itaishia ukutani. Jumamosi moja asubuhi alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akasahau risasi moja iliyokwisha kuingia kwenye chemba ya mtutu. Kaylin alikuwa upande wa pili, anavaa soksi aende kwenye mpira.

Alipofyatua, risasi ilipenya ukuta kama karatasi. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Baada ya mazishi Verna alichukua msumeno, akakata kipande cha ukuta chenye tundu, upande mmoja mweupe, wa pili rangi ya waridi aliyoichagua mtoto mwenyewe. Akaniambia nimpeleke uwanjani. Odell alikuwa huko na wenzake, amekaa tu, hana silaha. Verna alikiegemeza kile kipande kwenye bamba la chuma, akarudi kusimama mbele ya mumewe.

"Haya, Odell. Pima."

"Nilipima, Verna," akasema. "Uliniona nikipima."

"Ulipima chuma."

Wenzake walianza kukusanya vitu vyao. Odell aliinuka, akaenda mpaka kwenye bamba, akapiga magoti. Akaingiza kidole kwenye tundu upande mweupe, akasukuma taratibu, kikatokea kwenye waridi.